Fundi Mizani na Samaki wa Juani

Siku ya kwanza nilipozungumza na Fundi Mizani nilikuwa nimemwomba kiberiti. Nilikuwa na sigara moja, ya mwisho, na yeye alikuwa amekaa kwenye benchi lake pale soko la Nakivubo, Kampala, kiberiti kimejaa mbele yake. Akatoa njiti moja, akaishika kwa vidole viwili, akanionyesha kama mtu anayeuza dhahabu.

"Unaiona hii?" akasema. "Uzito wake wote ukigeuka nguvu, itavuta treni kutoka hapa mpaka Mombasa, na mabehewa yake yote, kisha iirudishe."

"Basi nipe, mzee."

"Kwa nguvu zote hizo? Ndiyo maana sikupi." Akairudisha ndani ya kiberiti, akafunga.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sikumwuliza na yeye hakusema. Sokoni wengine walidai aliwahi kuwa mwalimu, wengine kwamba alifanya kazi katika karakana ya jeshi, na kila upande ulikuwa na shahidi ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amekwisha kufa. Kila mtu alimwita Fundi Mizani. Nilimfahamu kwa miaka mingi, na nitasema mapema ili msomaji asinifikirie vizuri kupita kiasi: miaka hiyo yote nilimwonea wivu. Haukuwa wivu wa mali, maana hakuwa nayo. Nilimwonea wivu kwa sababu alikuwa amekaa.

Mimi sijawahi kukaa. Niliacha shule darasa la sita, upande wa Busia ya Kenya, siku ambayo dereva wa lori alisimama kununua maji akauliza nani anataka kumsaidia kupakua mzigo Kisumu. Tangu hapo nimebeba chumvi, nimepakia mbao, nimeuza betri za tochi Arua na sabuni Goma. Kila nilipofika niliuliza maswali. Kwa nini ziwa halijai na mito yote inaingia humo? Nani aliamua saa iwe na dakika sitini? Niliamini kwamba mtu akitembea vya kutosha atafika mahali yaliko majibu. Nikayakuta Nakivubo. Yalikuwa yamekaa kwenye benchi, yamevaa koti la kahawia lenye mifuko mitatu, na hayakuwa yamevuka mpaka wowote.

Kazi yake ilikuwa hii. Baada ya vita mizani nyingi za soko zilikuwa zimeporwa, na zilizobaki zilikuwa zimepoteza mawe yake. Wauzaji walipimia chochote walichokuwa nacho: kufuli, nati ya lori, nusu tofali, kichwa cha shoka. Mteja aliweza kuomba sukari ya kufuli mbili na asionekane mwendawazimu. Fundi aliviita vitu hivyo kwake, akavipima kimoja kimoja, akavipa hadhi. "Kufuli hii na nati hii ni nusu kilo," alimwambia mwenye duka. "Usizitenganishe. Ni mume na mke." Chuma kilichopungua alikitoboa upande wa chini, akamimina risasi iliyoyeyushwa. Siku zile risasi haikuwa adimu, ilichimbuliwa kwenye kuta za nyumba.

Kila kitu alikilinganisha na kilo yake moja ya shaba ya manjano, iliyolala ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringishwa kitambaa laini kama mtoto mchanga. Hakuishika kwa mkono mtupu hata siku moja, wala hakumruhusu mtu mwingine. Jasho la kidole lina uzito, alisema, na uzito huo mizani inauona. Alipomaliza kazi alipiga alama ndogo ya msalaba kwenye chuma, na alama hiyo ilikuwa kiapo cha soko. Muuzaji akigombana na mnunuzi, alipindua jiwe lake, akaonyesha msalaba, na ugomvi ukaisha. Nilisimama pale nikitazama mtu mmoja aliyekaa akimaliza ugomvi wa watu asiowaona, mpaka Nateete, mpaka Ggaba ziwani, kwa alama ya ukubwa wa punje ya mchele. Mimi ugomvi wangu mwenyewe sikuwahi kuumaliza bila kuhama mji.

Elimu yake ilitoka kwa mama mmoja muuza njugu. Mama huyo alikuwa amenunua kitabu kikuukuu cha fizikia cha shule, hakina jalada, akawa anachana kurasa za kufungia njugu. Kwa kuwa nyuma ndiko kulikokuwa kumelegea, alichana kuanzia nyuma. Fundi akala njugu kila siku, asubuhi na mchana, akalainisha kila karatasi, akaisoma, akaiweka kwenye kopo. Hivyo alikisoma kitabu kizima kinyumenyume. Alianza na jambo la mwisho na gumu kuliko yote, kwamba uzito ni nguvu iliyolala, na kwamba ukitaka kujua ni nguvu kiasi gani uuzidishe uzito kwa mwendo wa mwanga, kisha uzidishe tena kwa mwendo huohuo. Kutoka hapo akarudi kwenye umeme, akarudi kwenye joto, na mwisho wa njugu zote akajifunza jinsi ya kushika rula.

"Wengine walipanda ngazi," aliniambia. "Mimi niliteremshwa kutoka darini."

Kurasa mbili hakuzipata. Nilipofanya hesabu ya miezi, niligundua kwamba mimi nami nilikuwa nikinunua njugu kwa mama huyohuyo wakati huohuo. Kurasa zile mbili lazima zilipita mikononi mwangu. Nilizipangusia vidole nikazitupa. Mpaka leo nikila njugu naifungua karatasi kwanza.

Kando ya benchi lake palikuwa na meza ya chai ya Atim. Atim alikuwa mjane wa polisi, mtu wa kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: kifupi, cha kuamrisha, na kitamu kusikiliza. Sitaficha kwamba kila niliporudi kutoka safari nilianzia kwenye meza hiyo. Nilimletea kitenge kutoka Kongo, nikamletea habari za volkano niliyoiona Goma ikiwaka. Alinisikiliza, mkono shavuni, na macho yake yalikuwa yangu. Kisha Fundi angeinua kichwa kutoka kwenye mizani yake na kusema neno moja, na macho yakaondoka.

Siku nilipompa kile kitenge alikifungua, akakizungusha, akafurahi, halafu akageuka: "Fundi, shika hii. Iko na uzito gani?"

Mara nyingine ilikuwa chai.

"Fundi, chai yako imepoa."

"Imepungua uzito."

"Nani amekunywa? Mimi niko hapa naona!"

"Hakuna aliyekunywa. Hata ukiuacha mvuke, joto lenyewe limetoka. Joto ni nguvu, na nguvu ni uzito. Chai ya moto ni nzito kuliko chai hiyohiyo ikiwa baridi. Lakini hakuna mizani duniani itakayouona uzito huo."

"Basi ya moto nakuuzia bei ya juu."

"Ukiweza kuupima, nitalipa."

Watu wakacheka, wakaagiza chai. Dereva mmoja wa teksi akauliza kama yeye akikasirika anakuwa mzito. Fundi akafikiri, maana hakudharau swali lolote, akasema mtu mwenye hasira ana joto zaidi, kwa hiyo ndiyo, kidogo. "Lakini hakuna mizani duniani itakayouona." Atim akasema marehemu mume wake akilewa alikuwa mzito kuliko gunia la muhogo, na mizani ya huo uzito ilikuwa mgongo wake yeye aliyembeba.

Maneno hayo ya mwisho, *hakuna mizani duniani itakayouona*, yalikuwa mkia wa kila alilosema. Saa iliyotiwa ufunguo ni nzito kuliko saa iliyosimama, lakini hakuna mizani. Kamba ya mpira iliyovutwa ni nzito kuliko iliyolegea, lakini hakuna mizani. Aliutoa mkia huo polepole, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Msomaji aukumbuke.

Umeme ukikatika, redio zote za soko zikinyamaza kwa pamoja, aliinua punje moja ya njugu. "Hii ingeiwasha Kampala yote kwa siku kadhaa."

"Si uiwashe, sebo!" mtu wa redio akapaza sauti, akimwita bwana kwa Kiganda. "Mimi nina wateja!"

"Punje ipo. Ufunguo wa kuifungua ndio hakuna." Akaitia mdomoni, akaitafuna. "Hivi ndivyo sisi tunavyoifungua, na tunapata nguvu ya kulalamika tu."

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na niliyakusanya kwa furaha, jinsi adui anavyokusanya. Mtu aliyesema kila kitu kimejaa nguvu alipanda teksi kwa safari ya kituo kimoja. Mtu aliyepima mali ya soko zima hakuwahi kujipima mwenyewe. Atim alipomsukuma kuelekea mizani ya magunia, alishika nguzo. "Fundi hajipimi," alisema. "Atajipendelea." Alitoa maarifa bure kwa mtu yeyote aliyesimama, lakini sukari ya chai yake aliifungia kwenye kopo lenye kufuli, na kufuli yenyewe ilikuwa ya nusu kilo, ya mteja.

Mimi aliniambia siku moja, mbele ya watu, "Wewe unayetembea sana ni mzito kuliko mimi ninayekaa. Mwendo ni nguvu."

Nilihisi kifua kikipanuka. Nikamtazama Atim nione kama amesikia.

"Lakini hakuna mizani duniani itakayouona," akamalizia, na Atim akacheka mpaka akamwaga maziwa.

Hapo ndipo nilipoamua kumshinda. Nilitaka mara moja tu watu wa pale, na Atim akiwa mbele, wamtazame yeye huku jibu likiwa kwangu. Nilichokuwa nakitafuta hasa ni hiki: aseme kwa mdomo wake kwamba mimi pia naelewa. Katika miaka yote ile alinijibu kila swali kwa upole uleule aliompa dereva wa teksi, na upole ule ulinichoma.

Nikachukua mawe mawili ya chuma ya kilo moja moja, yote yenye msalaba wake. Nikayaweka kwenye mizani ya sahani mbili, yakalingana. Nikamwomba Atim koleo, nikalitia moja kwenye jiko lake la makaa mpaka likawa moto sana, nikalipangusa majivu, nikalirudisha kwenye sahani. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, wauza vitambaa na wapagazi, hata wale wa njugu.

Sahani ya jiwe la moto ikapanda. Ilipanda kidogo, ila kila mtu aliiona.

"Limekuwa jepesi!" nikapiga kelele. "La moto ni jepesi! Fundi, miaka yote unatudanganya!"

Watu wakapiga makofi. Kwa muda wa pumzi tatu au nne nilikuwa mtu mkubwa Nakivubo. Fundi akasogea, akainama, akaitazama sahani kwa furaha ya kweli. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba alifurahi.

"Umefanya kazi safi," akasema. "Sasa nipe karatasi ya njugu."

Akachana ukanda mwembamba, akaushika juu ya jiwe la moto. Ukanda ukainuka wenyewe, ukacheza.

"Hewa ikipata moto inapanda, na ikipanda inaibeba sahani kidogo. Unapima jiwe pamoja na upepo wake. Tungoje."

Tukangoja. Nusu saa nzima hakuna aliyeondoka. Jiwe likapoa, sahani ikashuka taratibu, zikalingana tena sawasawa, kama vile sikuwahi kuzaliwa.

"Banange, jamani!" Atim akasema, ameshika kiuno. "Wewe umetembea nchi zote, na hewa imekushinda!"

Soko likacheka. Fundi peke yake hakucheka. Aliniwekea mkono begani akaanza kunieleza jinsi ya kufunika mizani kwa kioo. Nikautoa mkono wake begani, nikaondoka.

Nilikwenda Ggaba, nikapata kazi ya kubeba makasha ya samaki kutoka kwenye mitumbwi hadi sokoni. Pale wauzaji walipanga sangara na sato juu ya meza, jua likiwawakia, na wanunuzi wa mjini walisubiri mizani huku wakigombana bei. Mizani zote za Ggaba zilikuwa na msalaba wa Fundi.

Siku moja mnunuzi mmoja, bwana mwenye hoteli ndogo, alilalamika kwamba samaki aliowanunua kilo kumi walikuwa pungufu walipofika kwake. Niliweka kasha chini. Nakumbuka kabisa jinsi maneno yalivyopangika kinywani mwangu.

"Ni jua," nikamwambia. "Mwulize Fundi Mizani wa Nakivubo. Kitu cha moto ni kizito kuliko kitu hichohicho kikiwa baridi. Joto ni nguvu, na nguvu ni uzito. Samaki wa juani anapimwa na joto lake. Ukimfikisha kwako amepoa, uzito umetoka."

Nikanyamaza hapo. Mkia niliumeza.

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Nimewahi kudanganya watu wengi katika safari zangu, lakini sijawahi kudanganya kwa usafi kama siku ile.

Ndani ya wiki moja Ggaba ilikuwa haikaliki. Wanunuzi walikuja wakigusa samaki kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa. "Huyu ni wa moto, punguza bei!" "Mpoze kwanza ndipo umpime!" Wauzaji wakakasirika, kisha wakakubali yaishe, wakaanza kuwafunika samaki kwa magunia yaliyoloweshwa ziwani. Samaki wakapoa vizuri sana. Wakanywa maji ya magunia vilevile, wakawa wazito kwelikweli, na uzito huo mizani iliuona. Wanunuzi walipofika mjini na maji yakachuruzika, samaki walipungua mara tatu ya mwanzo. Sasa mwizi akawa hajulikani ni muuzaji, jua, au mizani. Watu wawili wakapigana kwa sato wabichi.

Mwenyekiti wa wauza samaki alikuwa mama mmoja mpana, sauti yake ilisikika kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Alipakia mizani mbili kwenye teksi, akachukua wenzake wanne, akaenda Nakivubo. Nami nilipanda teksi iliyofuata. Nilijiambia nakwenda kusema ukweli. Huenda nilitaka kutazama tu.

"Sebo," mama akaanza, akitua mizani kwenye benchi kwa kishindo. "Ni wewe unasema samaki yangu ni mwizi?"

"Sijasema hivyo, nyabo."

"Ulisema kitu ya moto iko nzito kuliko ya baridi? Ndiyo ama hapana?"

Fundi hakujua kusema hapana kwa jambo la kweli. "Ndiyo. Nilisema."

Wale wanne wakaguna. Watu wa Nakivubo wakaanza kukusanyika, walewale wa siku ya jiwe la moto.

"Lakini hayo hayakuwa yote," Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiharakisha maneno. "Nilisema pia hakuna mizani duniani itakayouona uzito huo!"

"Mumesikia?" Mama akawageukia watu, mikono juu. "Mumesikia na masikio yenu? Fundi wa mizani anasema mizani haioni! Na sisi tumempelekea mizani zetu miaka yote!"

Mkia ule, ambao Ggaba ungemwokoa, Nakivubo ndio uliomzamisha. Alijaribu kueleza. Alishika punje ya njugu, akataja mwendo wa mwanga, na kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo watu walivyorudi nyuma. Muuza sukari akapenya, akachukua kufuli yake na nati yake kutoka benchini.

"Nani alileta hii maneno Ggaba?" mama akauliza mwishoni, sauti imeshuka. "Tuambie. Kama kuna mtu aliharibu maneno yako, mtaje, sisi tutashughulika naye."

Fundi akawatazama watu mmoja mmoja. Macho yake yakanifikia, yakapita juu yangu polepole.

"Maneno ni yangu," akasema.

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kufungua mdomo. Atim alikuwa ananitazama. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu, na viatu vyangu siku ile vilikuwa ndala.

Ggaba wakapeleka mizani zao kwa fundi mwingine, Nateete wakafuata, na baada ya miezi michache benchi la Nakivubo likawa la muuza viatu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvuka kwenda Kongo. Nilikaa huko na kwingineko miaka mingi, na kila nilipoiona mizani sokoni niliinama kutazama kama jiwe lina msalaba.

Niliporudi Kampala, Atim alikuwa bado na meza yake, nywele zimeanza kuingia mvi. Alinimiminia chai bila kuuliza kama naitaka.

"Yuko Nateete," akasema kabla sijakaa vizuri. "Kwa zahanati ndogo, nyuma ya soko. Anatengeneza mizani ya kupima watoto. Kila Jumapili mimi napeleka chai kwa chupa."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili. Wewe enda umwone. Unajua kwa nini." Akanitazama kama siku ile ya kamba ya kiatu, kisha akaanza kuosha vikombe.

Basi alijua. Nilitembea mpaka Nateete kwa miguu nikifikiria maneno ya kuungama, lakini kilichokuwa kikinikera njia nzima kilikuwa ile chupa ya chai ya Jumapili.

Nilimkuta kwenye baraza ya zahanati, mbele ya foleni ya akina mama. Alikuwa amekonda sana, koti la kahawia linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Alinitambua mara moja, akanisogezea kigoda.

"Mzee, umepungua," nikasema.

"Nimegeuka nguvu," akajibu. "Iko mahali fulani, sijui nani anaitumia."

Nikacheka, kisha nikaona nikicheka zaidi sitasema kamwe. "Mzee, yale maneno ya samaki, kule Ggaba..."

"Ni wewe. Najua."

"Atim alikwambia?"

"Nilijua siku ileile, mama yule alipoyarudia." Alikuwa akikaza skrubu ndogo chini ya sahani, hakuinua macho. "Mtu akisimulia jambo asilolielewa, analipoteza katikati. Anaongeza majini na mashetani, anaweka moto mahali pa baridi. Yale maneno yalifika kwangu mazima, moja kwa moja, kama nilivyoyasema mimi. Yalikatwa mwisho tu, pale pale penyewe. Asiyeelewa hawezi kukata pale." Akainua macho. "Miaka yote nilikuwa najiuliza kama kuna hata mmoja anayenielewa. Basi alikuwepo."

Nilikuwa nimengoja sentensi hiyo miaka yote. Ilifika, na sikuwa na mahali pa kuiweka.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nilikuwa na mwanafunzi mmoja soko zima. Nimkabidhi kwa yule mama?"

Mtoto akalia kwenye foleni, mama yake akambembeleza. Nikasema, ili tu niseme kitu, kwamba ulikuwa ni wivu, wivu mtupu, na kwamba labda wivu nao una uzito wake, lakini hakuna mizani duniani...

"Hapana," akanikatiza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiukataa mkia wake. "Huo mizani iliuona. Yale magunia ya maji. Kwa kila kilo kumi, kilo nzima."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosoma sindano ya mizani.

Kisha akamwita mama wa kwanza kwenye foleni. Kabla mtoto hajawekwa, Fundi, ambaye sikuwahi kumwona akigusa chombo cha kupimia bila kitambaa, aliilaza mikono yake miwili mitupu juu ya sahani ya chuma, akaiacha hapo muda mrefu, akiipasha joto. Nikamwuliza kuhusu jasho la vidole.

"Sahani ikiwa baridi mtoto anashtuka," akasema, "anarusha miguu, sindano haisimami."

Akaondoa mikono. Mtoto akawekwa, akatulia, akamtazama. Fundi akainama akamnong'oneza jambo, na mimi nilikuwa mbali mno kulisikia. Nilikaa kwenye kigoda kile nikimwonea wivu mtoto wa miezi mitatu.